Kuharakisha Emuleta ya Mega Drive kwenye GP2X: Mwongozo Kamili wa Kukipa Kazi Kichakataji cha Pili

Mtu anayewasha emuleta (programu inayoiga mashine nyingine) ya konsoli ya Sega Mega Drive kwenye GP2X, konsoli ya mkononi, na kusikia muziki unakatika huku picha zikirukaruka, mara nyingi hukimbilia dawa moja tu: anapandisha mapigo ya kichakataji hatua kwa hatua mpaka kifaa kigande mikononi. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. GP2X, iliyotolewa na kampuni ya GamePark Holdings ya Korea Kusini mwezi Novemba 2005, ina vichakataji viwili vya ARM vinavyokwenda kwa 200 MHz kila kimoja, na programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili yake hazikigusi kabisa kile cha pili. Hakuna maana ya kukikamua kichakataji kimoja hadi kitoe jasho ilhali mwenzake amekaa bure. Tutapima kwanza, tutagawa kazi, tutasafisha njia ya kumbukumbu, tutapunguza gharama ya picha, kisha mapigo yatakuja mwisho, yakiwa yamebakiwa na pengo dogo tu la kuziba.

Emuleta itakayotumika kama mfano ni PicoDrive, kazi ya msanidi anayejulikana kwa jina la notaz, kwa sababu inamruhusu mtumiaji kuwasha na kuzima kila kipengele kimoja kimoja na kuona matokeo yake. Inachukuliwa kuwa msomaji ana nakala za michezo alizozitoa kwenye kaseti zake mwenyewe, anajua kunakili faili kwenye kadi ya SD, na ana betri zinazofaa, jambo ambalo tutalirudia chini kwa sababu watu wengi hulidharau.

Vichakataji viwili visivyo mapacha

Chipu ya GP2X inaitwa MMSP2 na imetengenezwa na MagicEyes. Ndani yake mna ARM920T, ambayo ndiyo inayoendesha Linux yenye keneli (kiini cha mfumo) ya 2.4.25 pamoja na programu zote unazoziona kwenye menyu, na ARM940T, ambayo watengenezaji waliikusudia hasa isaidie kufungua video na muziki. Tofauti kati ya viwili hivi ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata. ARM920T ina kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya kichakataji, ya KB 16 kwa maagizo na KB 16 kwa data, na ina kitengo cha kusimamia kumbukumbu ambacho Linux ya kawaida haiwezi kuishi bila hicho. ARM940T ina KB 4 na KB 4 tu, na mahali pa kitengo hicho ina kinga ya maeneo ya kumbukumbu pekee.

Kutokana na hilo, Linux haiwezi kuugawa mzigo yenyewe kati ya vichakataji hivi jinsi simu za leo zinavyofanya. Ukiwasha programu kumi, zote kumi zitabanana kwenye ARM920T. Ili ARM940T ifanye kazi, lazima programu iandikwe mahususi kwa ajili yake, ipakiwe mahali maalumu kwenye RAM, na kichakataji hicho kiamshwe kwa kuandika kwenye rejista zake. Ndiyo maana hakuna swichi ya mfumo mzima inayoweza kuiharakisha kila emuleta kwa mkupuo; ama mwandishi wa emuleta alifanya kazi hiyo, ama hakuifanya.

RAM yote ni MB 64. Linux inatumia MB 32 za chini, na MB 32 za juu zimetengwa kwa ajili ya picha za skrini, ufunguaji wa video na kichakataji cha pili. Kumbuka pia kwamba hakuna kifaa cha hesabu za desimali katika kichakataji chochote kati ya hivi viwili, na kwamba kache zao hazijuani: kimoja kikibadilisha thamani ndani ya kache yake, mwenzake ataendelea kusoma thamani ya zamani iliyoko kwenye RAM.

Sasa tazama bajeti. Mchezo wa NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani, unahitaji fremu (picha kamili) 60 kwa sekunde, yaani kila fremu iwe imekamilika ndani ya milisekunde 16.7. Kwa 200 MHz hiyo ni mizunguko milioni 3.3 hivi. Ndani ya muda huo Mega Drive halisi ilikuwa imeendesha mizunguko takriban 128,000 ya kichakataji chake cha 68000 chenye 7.67 MHz, mizunguko mingine karibu 60,000 ya kichakataji chake kidogo, Z80, yenye 3.58 MHz, imechora picha ya nukta 320 kwa 224, na imetoa sauti kutoka chipu mbili. Ukigawanya, unabakiwa na mizunguko 26 hivi ya ARM kwa kila mzunguko mmoja wa 68000, kabla hujahesabu kitu kingine chochote. PicoDrive inaweza kutimiza hilo kwa sababu viini vyake vya kuiga vichakataji, yaani Cyclone kwa 68000 na DrZ80 kwa Z80, vimeandikwa moja kwa moja kwa lugha ya mashine ya ARM. Emuleta iliyoandikwa kwa lugha ya C tupu inaanza mbio hizi ikiwa nyuma, na mwongozo wowote hauwezi kuiokoa kikamilifu.

Hatua ya kwanza: kupima

Chagua mchezo mmoja unaokusumbua na utafute ndani yake sehemu iliyo nzito, kwa mfano mahali penye maadui wengi na muziki mzito kwa wakati mmoja. Hifadhi hali ya mchezo hapo hapo, ili kila kipimo kianzie mahali pamoja. Weka mapigo kwenye 200, washa onyesho la idadi ya fremu kwa sekunde, weka urukaji wa fremu kwenye sifuri badala ya hali ya kujiendesha, zima matumizi ya ARM940, na acha sauti ikiwa imewashwa. Andika namba unayoiona. Kisha zima sauti, rudi kwenye hali ile ile uliyoihifadhi, na uandike namba ya pili.

Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba namba ya kwanza ni 45 na ya pili ni 58. Fremu moja yenye sauti inachukua milisekunde 22.2; isiyo na sauti inachukua 17.2. Sauti peke yake inakugharimu milisekunde 5. Kama ungetaka kufika fremu 60 kwa mapigo pekee ungehitaji takriban 266 MHz, kiwango ambacho vifaa vingi havikifikii kwa utulivu. Lakini ukiiondoa ile milisekunde 5 kwenye kichakataji kikuu, 210 MHz inatosha. Hesabu hii fupi ndiyo sababu ya mwongozo huu kufuata mpangilio wake.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia kikomo. Hata kichakataji cha pili kingekuwa na kasi mara kumi, usingevuka 58 kwa kukitumia kwa ajili ya sauti peke yake, kwa kuwa kazi iliyobaki bado inapita kwenye ARM920T. Anayetarajia vichakataji viwili vimpe kasi maradufu atavunjika moyo. Na kama tofauti kati ya namba zako mbili ni ndogo, fremu moja au mbili tu, ruka hatua ya pili uende kwenye kumbukumbu na picha, kwa sababu tatizo lako haliko kwenye sauti.

Hatua ya pili: kuihamisha sauti kwenye ARM940T

Hakikisha kwanza kwamba folda ya PicoDrive kwenye kadi ya SD ina faili zote zilizokuja na emuleta. Miongoni mwazo kuna faili la .bin lenye namba 940 katika jina lake. Hilo ndilo programu ya kichakataji cha pili, na wanaonakili faili kuu la .gpe peke yake huliacha nyuma. Kisha fungua menyu ya mipangilio, washa chaguo la kutumia ARM940 kwa sauti, hifadhi mipangilio, na urudie kipimo chako kwa sauti ikiwa imewashwa.

Kinachofanyika nyuma ya pazia kinafaa kueleweka, kwa kuwa kinaeleza kwa nini sauti ndiyo iliyochaguliwa. YM2612, chipu kuu ya sauti ya Mega Drive, ina sauti sita, na kila moja inaundwa na viendeshi vinne vya mawimbi. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kila fremu inahitaji sampuli 735, na kila sampuli inapitia viendeshi 24. Hizo ni hesabu 17,640 za mawimbi kwa fremu moja. Kazi hii ni kubwa, inajirudia, na jambo muhimu kuliko yote ni kwamba mchezo wenyewe hausubiri matokeo yake. Mchezo unaandika maagizo kwenye rejista za chipu ya sauti kisha unaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo ARM920T inaweza kuyaorodhesha maagizo hayo katika sehemu ya kumbukumbu wanayoshirikiana, ikamkabidhi mwenzake orodha, na kuendelea na fremu inayofuata wakati ARM940T inatengeneza sampuli za fremu iliyopita. Sauti inachelewa kwa fremu moja hivi, na sikio la mchezaji halilitambui hilo.

Kuna kitu kimoja kisichohamishika. YM2612 ina vipima muda ambavyo michezo huvisoma ili kuendesha mwendo wa muziki. Jibu la kipima muda linahitajika papo hapo, kwa hiyo sehemu hiyo inabaki kwenye ARM920T. Ndivyo ilivyo pia kwa kuchanganya sauti ya mwisho na kuikabidhi kwa Linux, na ndiyo maana namba utakayoipata itakuwa chini kidogo ya ile uliyoipata sauti ikiwa imezimwa.

Watumiaji wa michezo ya Mega CD, kiambatisho cha Mega Drive cha kusomea diski, wananufaika zaidi. Nyimbo za diski zikiwa zimebanwa kwa MP3, PicoDrive inaikabidhi ARM940T kazi ya kuzifungua, kazi ambayo ingekuwa mzigo mzito mno kwa ARM920T ambayo tayari inaiga 68000 ya pili yenye 12.5 MHz.

Baada ya kuwasha ARM940, usikimbilie kushusha ubora wa sauti hadi 22,050 kama ushauri wa zamani ulivyosema. Ushauri huo ulikuwa na maana wakati hesabu za mawimbi zilikuwa zinafanywa na kichakataji kikuu. Sasa zinafanywa pengine, na kuzipunguza kunamsaidia yule ambaye hakuwa amezidiwa. Jaribu 44,100 kwanza. Ikiwa fremu zinapungua, shuka. Kuzima Z80 ili kupata kasi ni wazo baya zaidi, kwa kuwa baadhi ya michezo huisubiri ijibu na itaganda ikikosa jibu.

Kwa anayeandika emuleta yake mwenyewe, mambo matatu yanastahili uangalifu. Eneo la kumbukumbu linaloshirikiwa ama lisipitishwe kwenye kache, ama kache isafishwe kila orodha inapokabidhiwa. Makosa ya hapa hayajitokezi kama kuganda, yanajitokeza kama sauti ya ajabu ambayo haijirudii ukiitafuta. Kila agizo la sauti liwekewe alama ya mstari wa picha ambao lilitolewa, vinginevyo maagizo ya fremu nzima yatatekelezwa kwa pamoja na ngoma zitapoteza mdundo. Na kwa kuwa kache ya data ni KB 4 tu, majedwali ya mawimbi yawekwe katika biti 16 badala ya 32 kila inapowezekana, kwa sababu kichakataji hiki kikianza kutembea hadi RAM kwa kila sampuli, faida yote inayeyuka.

Hatua ya tatu: njia ya kumbukumbu

Hapa ndipo kasi nyingi iliyofichika inapopatikana, na kwa maoni yangu ndiyo hatua inayopewa sifa ndogo kuliko inavyostahili. Kwa kawaida, programu inapofikia zile MB 32 za juu, ambamo picha za skrini hukaa, data inayoiandika haipitii kache. Kila nukta inayochorwa inasafiri hadi RAM peke yake. Msanidi aitwaye Squidge alitengeneza moduli ya keneli, mmuhack.o, inayobadilisha mpangilio huo ili eneo hilo lipite kwenye kache. PicoDrive inaipakia yenyewe ikiwa faili lipo kwenye folda yake na chaguo lake limewashwa kwenye menyu. Iwashe, upime tena, na uiache hivyo isipokuwa uone mabaki ya picha kwenye skrini.

Marekebisho ya pili yanahusu muda ambao RAM yenyewe hupewa wa kujibu. Kiwandani, mipangilio hiyo iliachwa ikiwa milegevu mno. Mipangilio mikali inayojulikana miongoni mwa watumiaji ni tRC 6, tRAS 4, tWR 1, tMRD 1, tRFC 1, tRP 2 na tRCD 2, na PicoDrive inaitoa kama chaguo moja la kuwasha na kuzima. Emuleta zisizo na chaguo hilo zinaweza kutanguliwa na programu ndogo ya kuweka mapigo na muda wa RAM, inayoitwa kutoka faili la maagizo kabla ya emuleta kuanza.

Si kila GP2X inaivumilia mipangilio hii. Kwa hiyo ijaribu mapigo yakiwa bado 200. Kifaa kikiganda hapo, utajua kwa hakika kwamba ni RAM. Anayebadilisha RAM na mapigo kwa pamoja kisha akagandiwa na mashine atabaki anakisia, na mara nyingi atalaumu mapigo bila kosa.

Hatua ya nne: picha

PicoDrive ina njia tatu za kuchora: ya biti 16 iliyo sahihi kabisa, ya biti 8 iliyo sahihi, na ya biti 8 iliyo ya haraka. Skrini ya GP2X ina nukta 320 kwa 240. Kwa biti 16 fremu moja ni baiti 153,600, na kwa biti 8 ni nusu yake. Njia sahihi ya biti 8 ndiyo inayofaa michezo mingi. Itakuwa na kasoro pale ambapo mchezo unabadilisha rangi katikati ya skrini, kama vile maji yanayofunika nusu ya chini, na hapo utaona mwenyewe kama kasoro hiyo inakusumbua. Njia ya haraka inavunja mambo mengi zaidi na inastahili kutumiwa kwa mchezo mmoja mmoja, ikihifadhiwa katika mipangilio ya mchezo huo pekee.

Michezo yenye upana wa nukta 256 inaweza kutanuliwa ijaze skrini. Acha vifaa vya GP2X vyenyewe vifanye kazi hiyo, kwa kuwa chipu ina kitanuzi cha picha kisichokula muda wa kichakataji. Utanuzi wa programu uuepuke. Chaguo la usahihi wa muda lizime isipokuwa mchezo fulani unaonyesha kasoro bila hilo. Kuhusu kulinganisha kikamilifu mwendo wa skrini na fremu, chaguo hilo linaondoa mipasuko ya picha, ila linaifanya emuleta isubiri skrini. Liwashe baada ya mchezo kushika 60 bila kuyumba.

Kuna suluhisho jingine ambalo watu hulisahau: toleo la mchezo la PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya. Linahitaji fremu 50 tu kwa sekunde, yaani milisekunde 20 kwa kila fremu, na kwa 200 MHz hiyo ni mizunguko milioni 4 badala ya milioni 3.3. Michezo mingi ya PAL ilikwenda polepole kuliko ile ya Marekani na Japani, lakini mchezo wa polepole usiokatika sauti unachezeka vizuri kuliko wa haraka unaokatika.

Hatua ya tano: mapigo

Sasa rudi kwenye ile sehemu nzito uliyoihifadhi na utazame umebakiwa na pengo kiasi gani. Kabla ya kugusa mapigo, nakili faili za hifadhi za michezo yako kwenye kompyuta. Kifaa kikiganda wakati kinaandika kwenye kadi ya SD, kinaweza kuharibu jedwali la faili na kuondoka na kila kitu.

Panda kwa MHz 10 kila mara. Katika PicoDrive namba unayoiweka inahusu vichakataji vyote viwili, kwa kuwa vinatumia chanzo kimoja cha mapigo, na thamani ya 200 maana yake ni kwamba emuleta haibadilishi chochote. Baada ya kila hatua, cheza angalau dakika 20 katika sehemu yenye harakati nyingi, kwa sababu kifaa kinachopita dakika mbili za kwanza kinaweza kuganda kikishapata joto. Vifaa havifanani: baadhi hukwama kabla ya 250, vingine huvuka 270. Ukipata mahali kinapoganda, shuka MHz 10 au 20 chini yake na ukae hapo. Kukaa kwenye ukingo wenyewe ni kujitafutia kupoteza mchezo ukiwa karibu na mwisho wake.

Betri zinaamua mengi hapa. GP2X inatumia betri mbili za AA na inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri za alkali za kawaida hushuka nguvu upesi chini ya mzigo huo, na kifaa kinachojizima kwa 240 kinaweza kuwa kinalia njaa ya umeme tu. Tumia betri za kuchaji za NiMH zenye uwezo wa mAh 2,500 au zaidi, zikiwa zimejaa, au adapta ya volti 3.3 inayotoa mkondo wa kutosha. Usihukumu kikomo cha kifaa chako kabla ya kufanya hivyo.

Ukianzisha emuleta kwa faili lako la maagizo, hakikisha mistari yake ya mwisho inarudisha mapigo kwenye 200, inaita sync ili kilichobaki kiandikwe kwenye kadi, kisha inafungua tena menyu iliyoko /usr/gp2x. Bila hivyo menyu itaendelea kukimbia kwa mapigo ya juu na kumaliza betri bila faida.

Emuleta nyingine

Mpangilio huu haufai kila mashine kwa kiwango kilekile. Katika Super Nintendo, kichakataji kikuu na kile cha sauti, SPC700, huongea kwa pande zote mbili, na mchezo mara kwa mara hukaa ukisubiri jibu kutoka upande wa sauti. Kukihamishia kichakataji hicho kwenye ARM940T kunageuza faida kuwa kusubiriana, kwa hiyo kinachofaa kuhamishwa ni uundaji wa sampuli tu. Katika Game Boy Advance hali ni tofauti zaidi: michezo mingi huchanganya muziki wake kwa programu inayoendeshwa na ARM7TDMI yenye 16.78 MHz iliyo ndani ya konsoli hiyo, na sauti ya aina hiyo haina chipu ya kuichomoa kama YM2612. Huko kasi inatokana na kutafsiri maagizo ya mchezo kwa makundi badala ya moja moja, kama inavyofanya gpSP, na muda wako ni bora uutumie kwenye hatua ya tatu na ya tano.